Baridi ya Kibo na pawabenki yangu

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi ni mwongoza watalii, naishi Marangu. Nilinunua pawabenki mbili za aina moja, siku moja, Moshi mjini. Moja iko nyumbani kwa mama watoto, nyingine napanda nayo. Ya mlimani sasa haijazi hata simu moja, ya nyumbani bado ngangari. Wapagazi wanasema imeuawa na baridi. Ni kweli?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Baridi peke yake haiui. Kule juu ioni za lithiamu, chembe zinazobeba umeme ndani ya betri, hutembea kwa uzito, volti zinaanguka mapema, lakini ukiteremka Marangu nguvu hurudi. Yako haijarudi.

Ninachoshuku ni paneli ya sola. Waongozaji wengi wakiamka Kibo Hut, kambi ya Kilimanjaro iliyo mita 4,720, hutandika paneli na kuchaji betri ikiwa bado barafu. Chini ya nyuzi 0 lithiamu haiwahi kuingia ndani ya grafaiti, yaani kaboni ya upande hasi wa betri, hivyo hujipaka juu yake ikiwa metali. Sehemu ya metali hiyo haifanyi kazi tena. Nyingine huota sindano, na sindano ikitoboa utando unaotenga pande mbili za seli (betri yenyewe iliyo ndani ya pawabenki), moto huo.

Lakini shaka si kipimo. Seli huchoka kwa kupoteza lithiamu, kwa kufa mata ya elektrodi (pande mbili zinazohifadhi lithiamu), au kwa kupanda ukinzani (kizuizi cha umeme ndani ya seli), na mara nyingi yote huchanganyika. Ukinzani ni rahisi kupima: naijaza seli hadi volti 4.2, naipumzisha, kisha naivuta ampea 2. Ikiporomoka volti 0.3 papo hapo, huo ni ukinzani wa omu 0.15, mkubwa mno kwa seli ya pawabenki.

Kisha naitoa umeme taratibu, kama saa 20. (Mafundi wa haraka haraka hawaipendi kazi hii.) Kwa mwendo huo ukinzani karibu hauonekani, kwa hiyo kinachopungua kimepotea kweli. Kujua ni lithiamu au elektrodi, nachora umeme uliotoka kwa kila badiliko dogo la volti. Grafu hutoa vilele, nami natazama kipi kimefupika na kipi kimehama nikilinganisha na seli nzima.

Ndiyo maana nataka uniletee zote mbili. Ya mama watoto ndiyo seli nzima yenyewe. Ile nyingine ikiwa imevimba, usiichaji tena na usipande nayo daladala, nipigie kwanza.