Kabla ya Kuuliza Nafasi Yako Marekani, Uliza Pesa

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Bungoma aliniandikia: "Habari kaka. Nina A ya alama 82, SAT nimepata 1470, na nilikuwa mwenyekiti wa Christian Union. Nikiomba Harvard nina asilimia ngapi?" (SAT ni mtihani wa kuombea vyuo vya Marekani.) Ujumbe wa aina hii hunifikia kila matokeo ya KCSE, mtihani wetu wa kumaliza sekondari, yakitoka. Safari hii naujibu kwa urefu, kwa sababu najua wengi mnaonisoma mnaitaka safari hiyo hiyo.

Hongera, mdogo wangu. Katika KCSE ya 2024 waliopata A walikuwa 1,693 kati ya watahiniwa zaidi ya 960,000, kwa hiyo A si jambo dogo. Lakini Harvard, kwa darasa lililoingia mwaka huo huo wa 2024, ilipokea maombi kama 54,000 na kuwachukua watu wasiofika 2,000. Hao ni chini ya wanne katika kila mia, na humo wamo Wamarekani, wamo wanariadha waliotafutwa na makocha, wamo watoto wa waliosoma pale. Wewe unaomba kutoka Kenya na unahitaji kulipiwa karo, chakula na malazi. Asilimia ile haikuhesabiwa kwa ajili yako, na anayekupa nyingine kichwani mwake anakudanganya. Mjini kuna mawakala wanaouza asilimia hizo kwa pesa za wazazi waliouza ng'ombe. Inanikera sana.

Mimi nilipata A-. Nilisoma shule ya kaunti nje kidogo ya Kitale, ambako hakuna aliyewahi kuomba chuo cha Marekani. Nilienda kwenye usaili wa programu moja inayowasaidia wanafunzi kama sisi. Sikumaliza hata kueleza nilikotoka. Nikaambiwa A- haitoshi, nimpishe anayefuata. Miaka imepita na bado najisikia vibaya nikikumbuka, kwa sababu hakuna aliyefungua faili langu aone kuna nini kingine.

Nikarudi Kitale nikaajiriwa kwenye saiba. Jioni wateja wakipungua nilikuwa nasoma, na humo ndimo nilipokutana na hati iitwayo Common Data Set. Vyuo vingi vya Marekani huijaza kila mwaka na kuiweka wazi kwenye tovuti zao, bure. Sehemu ya C7 inasema chuo kinatazama nini na kwa uzito gani: alama, insha, barua za walimu, hata jinsi mwombaji alivyoonyesha kukipenda chuo. Sehemu ya H6 ndiyo iliyobadilisha maisha yangu. Inaonyesha wanafunzi wangapi kutoka nje walipewa msaada wa chuo chenyewe, na kila mmoja alipata wastani wa dola ngapi.

Nilichukua daftari la miraba la hesabu nikachora safu nne: jina la chuo, wageni waliosaidiwa, wastani wa msaada, gharama ya mwaka mzima. Chuo kinachotoa wastani wa dola 20,000 huku gharama ni 70,000 nilikipiga mstari, hata kama jina lake linajulikana hadi kijijini. Kilichosaidia wageni wanne tu, mstari. Majina makubwa mengi yalikwenda. Yaliyobaki yalikuwa ya vyuo vidogo vya Ohio, Pennsylvania, Iowa na Minnesota ambavyo sikuwahi kuvisikia. Hiyo ndiyo ikawa orodha yangu, na sikumruhusu mtu aniongezee chuo ambacho hakikupita kwenye daftari.

Elewa jambo hili, maana ndipo wengi hupotelea. Viko vyuo vichache visivyotazama uwezo wa familia ya mgeni wakati wa kuamua kumchukua, kisha vinafidia pengo lote la pesa, yaani tofauti kati ya gharama na kile familia inachoweza kulipa. Harvard, Yale, Princeton, MIT na Amherst vimo. Dartmouth na Bowdoin vilijiunga 2022. Ushindani wa huko unaujua. Vingine karibu vyote hutazama pesa. Chuo kinaweza kukupenda kabisa na bado kikakukataa kwa sababu fungu la wageni mwaka huo limekwisha. Kwa hiyo usiniulize nafasi kabla hujauliza pesa.

Sasa alama zako. SAT ya 1470 ni nzuri, na MIT, Harvard na Dartmouth wamerudisha sharti la mtihani, kwa hiyo itume. Lakini wanaoomba wakiwa na alama kama zako, au kuzidi, ni maelfu. Kinachobaki ni faili lako kusomwa ndani ya mazingira ya shule yako, na hilo haliwezekani kama hakuna aliyeyaeleza mazingira hayo.

Mwalimu wangu wa fizikia aliniandikia barua ya kwanza kwa mtindo wa cheti cha kumaliza shule: mtiifu, nadhifu, hana kesi ya utovu wa nidhamu. Nilirudi kwake na karatasi mbili za mambo niliyoyakumbuka. Maabara yetu ilikuwa na amita, vile vipimo vya mkondo wa umeme, mbili tu zinazofanya kazi kwa darasa zima. Nilikuwa nimechora zamu ukutani, kila meza dakika nane, na jioni nabaki na mwalimu tukizichomelea zile mbovu kwa waya wa risasi. Alisoma, akavua miwani, akasema, "Kumbe haya ndiyo wanayotaka?" Barua ya pili ilikuwa na zamu ile, na dakika zile nane. Nilipofika chuoni, afisa wa udahili aliitaja kabla hata sijakaa.

Ndiyo, nilichukuliwa, na chuo kidogo cha Pennsylvania, na pengo lote la pesa likafidiwa. Nikiwa na A-. Wapo niliowajua wenye A kamili walioomba vyuo vya Ivy League peke yake, yaani vile vinane vyenye majina makubwa kama Harvard na Yale, na wakabaki nyumbani mwaka huo. Sisemi kwa kuwacheka. Walikuwa na akili kuliko mimi. Walikosa tu mtu wa kuwaambia wahesabu pesa kwanza.

Vijana, acheni kujipima kwa cheo. Common App, fomu ya mtandaoni ya kuombea vyuo vingi kwa pamoja, ina nafasi kumi za shughuli, na kila maelezo yana herufi 150 tu. Mwenyekiti wa Christian Union hajanieleza chochote mpaka aniambie alifanya nini. Kukamua ng'ombe alfajiri kabla ya shule ni shughuli. Kulea wadogo zako ni shughuli. Andika saa zake kwa wiki, usione haya. Na hesabu pesa, tafadhali. Nitalirudia hili hadi nichoke.

Kwa kijana wa Bungoma: Harvard omba ukitaka, omba msamaha wa ada ya maombi, lakini vyuo vya namna hiyo visizidi kimoja au viwili. Maombi ya mapema kwa vyuo vingi hufungwa Novemba 1, kwa hiyo una muda wa kumwona mwalimu wako na kupita ofisi ya EducationUSA, huduma ya serikali ya Marekani ya ushauri wa masomo, ukifika Nairobi, ushauri wao ni bure. Wiki hii chagua vyuo kumi, fungua H6 ya kila kimoja, kisha niandikie ni vingapi vimebaki.