Swali la ajali muulizeni na tajiri wa gari

Mhariri, wiki hii mmeuliza kama ajali nyingi za magari zinaweza kuepukika dereva akiendesha kwa uangalifu. Mi nimewahi kuwa utingo wa malori ya mbao, Mafinga kwenda Dar, na swali lenu limenigusa pabaya, manake ndo wimbo uleule wa kila ajali, kamanda anasimama mbele ya kamera anasema chanzo ni uzembe wa dereva na dereva katokomea kusikojulikana, habari imeisha hapo. Hakuna anayeuliza zile tairi zilikuwa zimeisha kiasi gani, dereva mara ya mwisho alilala lini, na nani alimwambia aondoke na gari likiwa vile.

Halafu wanaokufa wengi hata hawaendeshi gari. Londiani kule Kenya, tarehe 30 Juni 2023, lori liliacha njia likapitia matatu, yaani daladala za kule, na watu waliokuwa pembeni ya barabara, wengine wanauza vitu vyao, wengine wanasubiri usafiri, wakafa zaidi ya 50. Huyo mama aliyekuwa na biashara yake pale angekuwa makini vipi? Au abiria wa lile basi lililoangukiwa na kontena pale Changarawe, Mafinga, Machi 2015, wao walikaa kwenye siti zao tu.

Ngoja niwaambie kitu nilichokiona mwenyewe. Dereva wangu alikuwa Baba Mdogo, mdogo wake baba kabisa, ndo aliyeniingiza kwenye hiyo kazi. Siku moja tumepakia mbao, tela limejaa, tumeshapita Iringa, akaanza kunyamaza, na yeye ni mtu wa stori sana njiani. Nikamuuliza Baba Mdogo vipi, akasema mwanangu sikiliza, nikikanyaga breki kichwa kinashika ila tela linatusukuma. Tukafika Ilula akapaki pembeni, akaingia chini na spana, mi nashika tochi. Akakaza breki zote, akatoka kimya, akaniambia ingia na wewe uone. Magurudumu ya nyuma ya tela breki shuu zilikuwa zimeliwa mpaka chuma, hapo hata ukaze vipi hamna cha kukaza. Na mbele yetu ni Kitonga, wanaoijua ile njia wanajua, ukitoka Iringa na mzigo ndo unaishuka, kona juu ya kona, upande mmoja mwamba upande mwingine korongo, na wenzako wanapanda taratibu foleni nzima, ukishindwa kusimama huna pa kwenda zaidi ya kuwavaa.

Akampigia tajiri. Mi nilikuwa pembeni, tajiri sauti ilikuwa inatoka nje ya simu. Baba Mdogo anasema bosi tela halina breki, nitumie hela fundi atoke Iringa abadilishe, kesho mchana tunaondoka. Tajiri anasema mteja anasubiri mbao, shuka na gia nzito, we si dereva? Baba Mdogo akajibu kwa heshima kabisa, bosi hili tela Kitonga silishushi. Simu ikakatwa. Tukalala palepale Ilula, hatukuongea sana.

Asubuhi akashuka mtu kwenye basi na begi dogo, dereva mpya. Baba Mdogo akampa funguo, akamwonyesha kila kitu, akamwambia mdogo wangu usiniamini mimi, ingia chini uangalie mwenyewe. Yule jamaa akaangalia, akakaa kidogo, akasema kaka nina watoto, nikikataa na mimi atatafutwa mwingine. Mi ikabidi niende naye kwa sababu mzigo uko mikononi mwa utingo. Tulishuka Kitonga kwa mwendo wa kutembea, gia ya chini kabisa, mi mlango nimeuachia nusu, gogo mapajani, tayari kuruka niliweke chini ya tairi. Yule mtu alikuwa anajua kuendesha jamani, breki anagusa anaachia, anagusa anaachia, jasho linamtoka na ilikuwa baridi. Tulipofika chini tela linafuka moshi, nikachukua dumu la maji akanizuia, akasema ukimwagia maji chuma cha moto kinapasuka, acha kipoe chenyewe. Tukafika Dar salama. Tajiri akasema si unaona, nilijua yule anadeka. Baba Mdogo hakurudishwa kazini, mpaka leo anauza spea Mafinga.

Sasa nimeanza kuandika nikiwa na jibu langu la hapana, ila nikiwaangalia hawa wawili siwezi kulisema. Mmoja aliepusha ajali kwa kukataa, mwingine kwa mikono yake, wote ni madereva na wote walikuwa makini. Kwa hiyo nakubali, ndiyo, ajali nyingi zinaepukika, na hata mwendo wa kijinga na kuovateki kwenye kona siwezi kuvitetea, nimeviona sana. Lakini yule wa pili, basi moja tu lingeovateki lori kwenye kona likaja upande wetu, tungeandikwa sote uzembe wa dereva na tajiri asingetajwa popote. Umakini wa Baba Mdogo ulikuwa wa uhakika zaidi na ndo huohuo uliomfukuzisha kazi, sa ni madereva wangapi wenye familia watauchagua?

VTS, ule mfumo wa LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, wa kufuatilia magari, unaona basi likizidisha mwendo, sawa, umesaidia, ila hauingii chini ya tela kuangalia breki. Malori yote yanasimama mizani, pale Makambako unapimwa uzito hutaki unataka. Wekeni na fundi palepale aingie chini, na dereva akisema gari bovu likakutwa bovu kweli apewe karatasi yenye muhuri kwamba gari limezuiwa na serikali, faini iende kwa mwenye gari, na dereva asifukuzwe kwa hilo.