Kompyuta Inajizima na Kuwaka Yenyewe

SWALI: Kompyuta yangu ya mezani, ya mtumba, inajizima ghafla na kuwaka yenyewe. Kuandika barua haina shida. Watoto wakianza gemu, hazipiti dakika 15. Fundi amepiga Windows upya mara mbili, hali ni ileile. Sasa anasema pawa saplai (boksi linalolisha kompyuta umeme) imekufa kwa sababu kompyuta imeandika "Kernel-Power 41". Ninunue nyingine?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Usinunue bado. Maandishi hayo yanasema jambo moja tu: kompyuta ilizimika bila kuzimwa kwa utaratibu. Hata ukichomoa waya ukutani utayakuta. Inauma kuona watu wakitupa pawa saplai isiyo na kosa kwa kuyasoma vibaya.

Kwanza izuie isijiwashe. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika sysdm.cpl, ingia "Advanced", kisha "Settings" ya "Startup and Recovery", uondoe tiki kwenye "Automatically restart". Ikianguka tena, tazama kioo. Kikibaki cha bluu chenye maneno, yanakili. Yakibadilikabadilika kila mara, shuku RAM, yaani vibao vya kumbukumbu: acha kimoja tu, ukijaribu, kisha kingine. Ikizimika papo hapo bila neno lolote, aghalabu ni joto au umeme. Dalili zako, zinazosubiri kazi nzito, zinaelekea huko, ndiyo maana kupiga Windows hakukusaidia.

Anza na joto, maana kusafisha hakuna gharama. Chomoa waya, fungua kava la pembeni, utazame feni ya prosesa, ubongo wa kompyuta. Usidanganywe na feni safi kwa juu: vumbi hushonana kama blanketi chini yake, kwenye mapezi ya alumini. Litoe kwa brashi laini ya rangi, ukishikilia feni kwa kidole isizunguke. Pesti ya kupitisha joto, iliyo kati ya prosesa na alumini hiyo, ikiwa imekauka kama chokaa, ifute kwa spiriti, uweke mpya kiasi cha punje ya choroko. Kabla ya kung'oa alumini hiyo, iwashe mashine dakika 10 pesti ilainike, zima, chomoa waya, kisha uzungushe alumini taratibu. Kwenye prosesa nyingi za AMD, ukivuta kwa nguvu prosesa hutoka nayo na pini zikapinda.

Sasa fungua programu ya HWiNFO, inayoonyesha joto la prosesa, gemu likiendelea. Joto likikaribia nyuzi 100, prosesa hupunguza kasi, na likizidi hujizima ili isiungue. Likibaki chini ya 85 na bado inaanguka, geukia umeme. Pima waya za pawa saplai kwa mita ya fundi (multimeter), gemu likiendelea: waya wa njano na mweusi usome volti 11.4 hadi 12.6, mwekundu na mweusi, 4.75 hadi 5.25. Nje ya hapo, pawa saplai ni mbovu. Vipimo vikiwa sawa, bado azima nyingine ujaribie, kwani mita haioni mshuko wa sehemu ya sekunde. Ukinunua, linganisha plagi: Dell, HP na Lenovo nyingi za ofisini zina plagi zao. Na tafadhali usifungue boksi la pawa saplai lenyewe. Kapasita za ndani, zinazohifadhi umeme, huweza kubaki na zaidi ya volti 300 hata waya ukiwa umechomolewa, na volti hizo zinaua.

SWALI: Nina stabilaiza. Bado nahitaji UPS?
Msomaji, Mombasa

JIBU: Ndiyo. Stabilaiza hurekebisha volti, lakini umeme ukikatika nayo inazimika. UPS ina betri ndani: ya ukubwa wa VA 650 hukupa dakika chache za kuhifadhi kazi na kuzima vizuri. Printa ya leza usiichomeke humo. Inapopasha joto huvuta umeme mwingi kuliko UPS hiyo inavyoweza kubeba.