Barua kwa mwanangu: shimo la Demeter

Mwanangu mpenzi,

Swali lako la juzi limenikaa moyoni. Uliuliza, kwa Wagiriki wa kale kipi kilitangulia: hadithi za miungu, au ibada na sikukuu zao? Mimi nasema ibada, nazo zilitoka shambani.

Chukua Thesmophoria, sikukuu ya Demeter, mungu wa kike wa nafaka. Wanawake wa Athens waliiadhimisha siku 3, kwenye Oktoba hivi, msimu wa kupanda ukibisha hodi. Wanaume hawakukanyaga. Siku ya pili wanawake walifunga kula, wameketi chini kabisa.

Lakini sikukuu yenyewe iko shimoni. Humo walikuwa wametupwa watoto wa nguruwe, wakaachwa waoze. Wanawake waliokaa mbali na waume zao kwa siku 3 waliteremka kuchota mabaki, huku kelele zikipigwa kuwatimua nyoka. Mabaki yale yakawekwa madhabahuni. Aliyechukua kidogo akachanganya na mbegu zake, aliamini atavuna vizuri. Mwanangu, miaka yote hii nimechanganya samadi na udongo kwa mikono yangu, na ninaijua hofu ya kufukia ardhini chakula ambacho ungeweza kuwapikia wanao. Wale wanawake nawaelewa.

Sasa sikia hadithi yake. Hades, mungu wa kuzimu, alipomteka Persephone, binti wa Demeter, ardhi ilipasuka, na nguruwe wa mchungaji aitwaye Eubouleus wakamezwa pamoja na binti huyo. Nguruwe wanatafuta nini kwenye kisa cha mama aliyeibiwa binti? Naamini waliingizwa kwa kuwa shimoni walikwishakuwamo. Watu walirithi tendo, watoto wakauliza sababu, wakubwa wakatafuta jibu.

Tena kuna vibao vya udongo vya Knossos, kisiwani Krete, vyenye zaidi ya miaka 3,000. Visa vya miungu havimo, ni hesabu za ghala tu: mtungi mmoja wa asali kwa miungu yote, mtungi mmoja kwa Eleuthia, anayesimamia uzazi. Karani aliandika kilichotolewa na kwa nani, basi. Mtungi ule mmoja hunigusa kuliko mashairi yote ya vita vyao.

Huku mawingu yameshuka tangu jana. Mbegu nimezichambua, ziko kwenye ungo karibu na mlango. Ukipata nafasi, piga simu jioni, mchana nitakuwa shambani.

Mama yako