Kuhusu swali la mke wa Albrecht Dürer

Ndugu, umeuliza kama ni kweli Agnes, mke wa Dürer, yule msanii Mjerumani wa mji wa Nuremberg, alikuwa mchoyo aliyemfanyisha mumewe kazi mpaka akafa. Maneno hayo yalitoka kwa Pirckheimer, rafiki wa Dürer, aliyemwandika vibaya mjane huyo kwenye barua baada ya msanii kufariki mwaka 1528. Mimi simwamini sana. Rafiki wa mume na mke wa mume, unajua tena.

Tazama biashara yenyewe ya kuuza picha za Dürer. Mchoro wa rangi unauzwa mara moja, basi. Lakini ubao uliochongwa unapakwa wino, unakandamizwa karatasi, na nakala zinatoka moja baada ya nyingine. Sasa nani azipeleke sokoni? Dürer alipokuwa Venice, kati ya 1505 na 1507, Agnes ndiye aliyesafiri na furushi la karatasi hadi gulio la Frankfurt, na mama mkwe akauza kwao Nuremberg. Hawakuwa na mtoto. Duka ndilo lililokuwa nyumba yao.

Walipokwenda Antwerp mwaka 1520, Dürer aliandika kwenye daftari lake la safari kwamba yeye anakula na mwenye nyumba, naye Agnes na mtumishi wajipikie na kula juu ghorofani. Huyo ndiye mwanamke aliyemtawala?

Na mwaka huohuo wa msiba, kitabu cha Dürer cha vipimo vya mwili wa binadamu kilitoka. Aliyekitoa ni Agnes.