Mlango peke yake hautoshi
Ndugu, umeuliza kama wakibomoa lile duka la kitambo la Wahindi hapa Kisumu wajenge ghorofa la ofisi lakini waache mlango, si itakuwa sawa? Hapana, haitoshi kabisa. Chicago walifanya hivyo, jengo la soko la hisa la 1894 kazi ya wasanifu majengo Adler na Sullivan likabomolewa 1972 wakaweka ghorofa refu la ofisi, na lile tao la mlango saa hii limesimama tu nje kwa makumbusho ya sanaa, unapita katikati yake na huingii popote. Mi hupita Oginga Odinga Street asubuhi naona mbao za milango zimelainika pale mikono imeshika miaka yote, hiyo utaihamishia wapi? Tuombe hilo duka litangazwe turathi kwa gazeti rasmi la serikali, sheria ya makumbusho na turathi ya 2006 inaruhusu, lakini iwe kabla tingatinga ifike.