Kukosa kdr hakumaanishi mbu wanakufa

Usiitume hiyo ripoti! Unasema mbu wako karibu wote ni Anopheles funestus (mbu wa malaria), umewapima kdr, yaani badiliko la jeni linaloleta usugu wa dawa, ukakosa, unauliza praima (vipande vya DNA vya kuanzishia kipimo cha jeni) za kuhakikishia na namna ya kutunza sampuli, halafu unapendekeza vyandarua vya kawaida vyenye dawa ya pairethroidi. Mimi nilishapitishwa njia hiyo.

Mkufunzi alitusimamia akasema kdr ndiyo kipimo cha usugu. Fedha yote ikaishia kwenye PCR, kipimo cha jeni cha maabara, majibu yakaja safi, vyandarua vikaagizwa. Baadaye mbu hai wa eneo lilelile wakawekwa saa moja kwenye mirija ya kupimia ya WHO (Shirika la Afya Duniani) yenye karatasi za deltamethrini, aina ya pairethroidi, asilimia 0.05. Kesho yake wengi walikuwa wanaruka! Hasira yangu kwake haijaisha, maana tafiti za funestus zilikuwepo, ni yeye tu hakuzisoma.

kdr unayoipima ni badiliko kwenye kodoni ya 1014 ya jeni ya chaneli ya sodiamu, pale sumu inaposhika neva. Kwa Anopheles gambiae, mbu mwingine wa malaria, imeenea sana. Funestus ana mbinu nyingine: anaivunja sumu kabla haijafika huko. Jeni zake Cyp6p9a na Cyp6p9b hutoa vimeng'enya kwa wingi kupita kiasi. Benin kuna badiliko la L119F kwenye jeni ya GSTe2, linalomkinga na DDT na permethrini, pairethroidi nyingine. Hata L976F, kdr iliyopatikana kwa funestus wa Tanzania, imehusishwa na DDT, na kipimo chako cha 1014 hakiioni. Yaani umepima mahali ambapo hapakuwa na kitu cha kupatikana.

Mbu hai kwanza, jeni baadaye. Sitachoka kulisema hili. Kamata majike wenye mayai majumbani, watage, lea watoto wao, kisha pima majike wa siku 3 hadi 5 ambao hawajanywa damu. Vifo vikiwa chini ya asilimia 90 baada ya saa 24, huo ni usugu. Kundi jingine litangulizie kemikali ya PBO, inayozuia vimeng'enya vya P450, kundi la vile vya Cyp6p9a na Cyp6p9b. Vifo vikipanda sana hapo, una hoja ya kudai vyandarua vyenye PBO, na Cyp6p9a ndiyo ya kuanza kuipima.

Sampuli za kwenye alkoholi zitakupa DNA. RNA, inayoonyesha jeni inafanya kazi kiasi gani, usiitegemee huko. Mbu wa kazi hiyo wagandishe mara moja kwenye nyuzi 80 chini ya sifuri, na wawepo ambao hawajagusishwa dawa.